Reli ipo, treni inapita, kwenye ramani haipo. Imekwenda wapi?

#1 · Mjukuu wa Gerezani

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita nilikuwa napanga vitu vya marehemu baba. Ndani ya sanduku lake la bati, katikati ya vyeti na barua, nikakuta ramani ndogo ya kukunja ya treni za chini ya ardhi za London, ya mwaka 1991. Mwaka ule alipelekwa kusoma huko miezi tisa. Nikaipiga picha, nikamtumia mpwa wangu anayeishi London, naye akanitumia ya sasa. Toka juzi nimezilaza zote mbili mezani, nazilinganisha kama mtu anayekagua hati ya kiwanja.

Ya baba ina kipande kinachotoka Holborn kwenda Aldwych. Kwenye ya sasa hakuna. Ya baba, mstari mwekundu wa Central unakwenda mpaka Ongar. Wa sasa unaishia Epping. Ya baba ina mstari wa rangi ya chungwa ulioandikwa East London. Kwenye ya sasa jina hilo sijaliona popote. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, maana mpwa ananiambia, "Mjomba, hiyo reli naipanda kila siku kwenda kazini."

Nilidhani mstari ukitoka kwenye ramani maana yake ni moja tu, reli imefungwa. Sasa naona iliyofungwa haipo na isiyofungwa nayo haipo. Wenye ujuzi naomba ufafanuzi.

#2 · Kipepeo

Ngoja nitandike mkeka hapa. Nasubiri wataalamu.

#3 · Fundi Mataruma

Mkuu, pole kwa msiba, na hongera kwa kuitunza hiyo karatasi.

Aldwych ni hesabu ya lifti. Kile kipande kilifunguliwa 1907, kituo kimoja tu, mkia wa njia ya Piccadilly. Lifti zake zilikuwa za kale, na ilipofika zamu ya kuzibadilisha gharama ilikadiriwa kama pauni milioni 3. Abiria kwa siku walikuwa wapata 450. Weka kwenye kikokotoo mwenyewe. Wakafunga tarehe 30 Septemba 1994.

Na siku hiyohiyo wakafunga Epping kwenda Ongar, huko mashambani, treni inatembea nusu tupu. Siku moja mikia miwili imekatwa. Kwa hiyo jibu langu ni fupi: reli hupotea kwenye ramani pale tiketi zinaposhindwa kulipa ukarabati. Hata hiyo East London itakuwa ilifungwa kwa hasara, halafu mtu mwingine akaifufua.

#4 · Msukuma wa Lewisham

Fundi, kwenye Aldwych na Ongar uko sahihi. Kwenye East London hapana, na niko nayo mlangoni.

Reli ile ilisimamishwa Desemba 2007 ili irefushwe, siyo kwa hasara. Iliporudi 2010 ilikuwa inakwenda Dalston upande wa kaskazini, na kusini mpaka Crystal Palace na West Croydon. Abiria wakaongezeka mno. Ila haikurudi kama Underground, yaani treni za chini ya ardhi, ikawekwa chini ya Overground, mtandao wa treni za juu ya ardhi, ndiyo maana jina la East London likafutwa. Halafu mwaka 2024 njia zote za Overground zikagawiwa majina sita mapya, na hii yetu sasa inaitwa Windrush.

Mjukuu wa Gerezani, hiyo rangi ya chungwa uliyoiona kwa baba yako nayo ilikuwa ngeni wakati ule. Kabla ya 1990 kipande hicho kilichorwa kwa zambarau kama sehemu ya njia ya Metropolitan. Kwa hiyo hesabu: zambarau, chungwa, Overground, Windrush. Na muda wote huo treni inapita kwenye handaki lilelile la mhandisi Brunel chini ya mto Thames, lililofunguliwa 1843 kwa ajili ya watu wa miguu, kabla hata London haijawa na treni ya chini ya ardhi.

Kwa mtazamo wangu ramani ile haionyeshi reli. Inaonyesha nani anaiendesha na nauli inaingia mfuko gani. Mwenye reli akibadilika, mstari unabadilika au unaondoka. Mfano wa wazi ni njia ya Moorgate kwenda Finsbury Park. Ilikuwa Underground mpaka 1975, ikakabidhiwa British Rail, shirika la reli la taifa, ikaacha kuwa "yetu". Mahandaki hayakuhama hata sentimita moja.

#5 · Mjukuu wa Gerezani

Dah! Kwa hiyo mpwa wangu na baba yangu wamepanda reli ileile kwa majina mawili. Asante sana mkuu.

#6 · Binti Mwembeladu

Nyote mmesahau karatasi. Nafanya kazi ya kuchora, mabango na vipeperushi, kwa hiyo naomba nisikilizwe.

Ramani ile ilichorwa na Harry Beck mwaka 1931, mchoraji wa michoro ya umeme, ikachapishwa 1933. Alifanya kitu cha ujasiri: akaacha umbali wa kweli, akanyoosha mistari yote iwe wima, mlalo au mshazari. Uzuri wake wote uko kwenye kuacha vitu nje. Sasa kila mwaka njia zinaongezeka na karatasi ni ileile ya kukunja mfukoni. Lazima kitu kitoke. Mchoraji anaulizwa, tutoe nini?

Mwaka 2009 walitoa mto Thames. Mto wenyewe! Watu wa London wakapiga kelele, Meya wa wakati ule Boris Johnson akaagiza urudishwe, na Desemba ukarudi. Wala mto haukuwa umekauka. Thameslink, treni inayokatiza jiji kutoka kaskazini kwenda kusini, ilikuwepo kwenye ramani miaka ya 1990, ikaondolewa, ikarudishwa Desemba 2020 wakati wa korona ili watu wapate njia zaidi za kupita bila kubanana. Zaidi ya miaka 20 treni zinapita katikati ya jiji na mgeni mwenye ramani hajui.

#7 · Msukuma wa Lewisham

Binti Mwembeladu, hapo umenipa nguvu mimi. Thameslink inaendeshwa na kampuni nyingine, siyo Usafiri wa London, shirika lenye ramani ile. Ingekuwa yao ingekosa nafasi?

#8 · Binti Mwembeladu

Ingekuwa ni umiliki tu, mbona iliporudi 2020 umiliki haukubadilika? Kilichobadilika ni haja ya abiria. Mchoraji akiambiwa kuna haja, nafasi inapatikana.

#9 · Kipepeo

Moja kwa moja. Endeleeni.

#10 · Mzee wa Leipzig

Vijana, hamjambo nyote. Nimesoma maelezo yenu ya pesa, umiliki na karatasi. Mimi nitawapa la siasa, maana nimeishi ndani yake.

Nilisoma Ujerumani Mashariki kuanzia 1983 hadi 1988, miongoni mwa vijana wengi waliotoka Zanzibar na Bara kwenda kule. Likizo tulikuwa tunakwenda Berlin. Ramani ya treni niliyopewa pale ilikuwa ya ajabu kuliko hizo zenu: upande wa magharibi ilikuwa nyeupe. Jiji zima la watu milioni mbili, hakuna mstari. Kama bahari.

Lakini sikilizeni. Ukisimama Alexanderplatz, au ukitembea Friedrichstraße, ulikuwa unasikia ardhi inatetemeka chini ya viatu. Ni treni za Magharibi. Njia mbili za chini ya ardhi na handaki moja la S-Bahn (treni za mjini zinazopita zaidi juu ya ardhi) zilikuwa zinatoka Berlin Magharibi, zinapita chini ya Mashariki bila kusimama isipokuwa Friedrichstraße, kisha zinatokea tena Magharibi. Vituo vingine vya katikati vilizibwa, taa hafifu, askari ndani. Wajerumani waliviita vituo vya mizimu. Magharibi walikuwa wanalipa Mashariki fedha za kigeni ili treni zao zipite. Sisi juu tunasikia mngurumo wa kitu ambacho ramani inasema hakipo. Nilikuwa na miaka 22, na mara ya kwanza niliposikia nilimuuliza mwenyeji wangu, akaangalia pembeni.

Na Magharibi nao hawakuwa watakatifu. S-Bahn hata ile iliyokuwa ndani ya Berlin Magharibi iliendeshwa na shirika la reli la Mashariki. Baada ya ukuta wa kuigawa Berlin kujengwa 1961 watu wa Magharibi waliisusia, waliona nauli yao inajenga ukuta. Kwa miaka mingi ramani za chini ya ardhi za Magharibi ziliiacha nje kabisa. Treni zipo, zinatembea karibu tupu, na ramani imezinyamazia. Mpaka Januari 1984 shirika la usafiri la Magharibi lilipozichukua.

Kwa hiyo msiseme ramani ni ya mchoraji. Mchoraji ana bosi, na bosi ana bosi.

#11 · Mjukuu wa Gerezani

Shikamoo mzee wangu. Hii sikuitegemea kabisa. Vituo vile vilifunguliwa lini tena?

#12 · Mzee wa Leipzig

Marahaba mwanangu. Jannowitzbrücke ndiyo ya kwanza, 11 Novemba 1989, siku mbili tu baada ya ukuta kufunguka. Mimi nilikuwa nimesharudi Unguja, niliona kwenye gazeti, nikakaa kitako.

#13 · Mwana Bukavu

Ndugu zangu, niko Paris. Huku kuna aina nyingine: mstari kumezwa na mwenzake. Zamani kulikuwa na laini ya 14 ya metro, fupi. Mwaka 1976 ikaunganishwa na ya 13, namba 14 ikabaki haina mwenyewe. Miaka 22 hakuna 14, ukihesabu unaishia 13. Kisha 1998 ikafunguliwa 14 mpya, ile isiyo na dereva, haina uhusiano wowote na ile ya kwanza. Mtu akikuambia "nilikaa laini ya 14", muulize kwanza ana umri gani.

Na kuna Petite Ceinture, reli iliyozunguka Paris yote. Abiria walikoma 1934. Reli bado iko, nyasi zimeota, vipande vingine watu wanatembea jioni na watoto. Juu ya ramani ya metro hakuna hata alama.

#14 · Kariakoo Boston

Hiyo ya namba imenikumbusha. Boston mstari wa kijani una matawi B, C, D na E. Nilipofika niliuliza wenyeji, A iko wapi? Wengi hawajui. Herufi ziligawiwa 1967, A ikapewa tawi la Watertown, na 1969 tawi likafungwa, mabasi yakachukua nafasi. Herufi nyingine hazikusogezwa. Kwa hiyo pengo lenyewe ndiyo kaburi.

Na mkia wa E kwenda Arborway ulisimamishwa "kwa muda" Desemba 1985. Muda huo haujaisha mpaka leo.

#15 · Mama Scarborough

Neno "kwa muda" limenichoma. Mimi niko Toronto. Laini ya 3 ya Scarborough ilikuwa inapita nyuma ya tulipohamia, vibehewa vidogo vya buluu na vyeupe, ilikuwa inafanya kazi tangu 1985. Ilikuwa imechakaa, tulishaambiwa itastaafishwa Novemba 2023. Tukasema sawa, tutaiaga. Tarehe 24 Julai behewa la mwisho likaacha reli karibu na Ellesmere. Watu watano wakapata majeraha madogo. Wakasema inasimama kwa uchunguzi. Mwezi uliofuata wakasema hairudi tena.

Mwanangu wa kiume ana miaka tisa na anapenda treni kuliko chakula. Nilimuahidi tutapanda siku ya mwisho, nimpige picha. Siku ya mwisho ilikuwa imeshapita na sisi hatukujua. Ana ramani ukutani kwake, ya zamani, yenye ile laini ya 3. Nilipomletea mpya alikataa nisiitoe ile. Sasa ziko mbili ukutani, kama zako Mjukuu wa Gerezani.

#16 · Fundi Mataruma

Mama, mpe mwanao salamu zangu. Huyo atakuwa mwenzetu wa karakana.

Na nakubali kuhusu East London, nilikosea. Lakini naona hoja yangu ya uchakavu haijafa. Aldwych lifti, Toronto mabehewa. Chuma kikichoka kinadai pesa, na hapo ndipo uamuzi unapofanyika. Siasa na umiliki huja kama visingizio tu.

#17 · Bi Mchambawima

Nyinyi mnazungumza London na Paris kana kwamba reli ya mjini haijawahi kutufikia. Unguja tulikuwa nazo mbili, na zote hazimo kwenye ramani yoyote ya leo.

Ya mwanzo ni ya Sultani Barghash, 1879, kutoka kasri yake mjini mpaka Chukwani. Mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu, kisha 1881 akaagiza kichwa cha mvuke kutoka Uingereza. Alipofariki 1888 reli ikang'olewa, na kichwa kikauzwa chuma chakavu. Hakuna lifti wala tiketi hapo, Fundi. Mwenyewe kafa, reli imemfuata.

Ya pili ni ya Bububu. Ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, ikaanza 1905, kiasi cha maili 7, kutoka Ngomeni, inapita katika vichochoro vya mji ambavyo leo hata gari dogo linajibana. Serikali iliinunua 1911. Abiria wakakoma 1922, barabara na magari yamekwishaingia. Ikaendelea kubeba mawe na udongo wa kufukia bandari mpaka mwishoni mwa miaka ya ishirini, halafu basi. Leo daladala ya Bububu inapita njia hiyo hiyo takriban, na waliomo ndani wengi hawajui.

#18 · Dogo wa Magomeni

Na jina Bububu lenyewe si ndiyo mlio wa ile treni? Bu-bu-bu-bu. Ndivyo nilivyoambiwa na mtembeza watalii.

#19 · Bi Mchambawima

Mwanangu, mtembeza watalii alitaka mfurahi. Sayyida Salme bint Said alikaa Bububu kabla hajaondoka Unguja mwaka 1866, na ameitaja kwa jina hilo hilo katika kumbukumbu zake zilizochapwa Berlin 1886. Treni ya 1905 itaupaje mji jina miaka 40 kabla? Wazee wetu husema ni mlio wa chemchemi ya maji. Hilo siliwekei dhamana, lakini treni siyo.

#20 · Dogo wa Magomeni

Nimejifunza. Ahsante bibi.

#21 · Mvita wa Kale

Bi Mchambawima, musijipe fahari peke yenu. Mombasa twalikuwa na toroli. Reli nyembamba za futi mbili, zalilazwa mjini tangu miaka ya 1890, na vigari vidogo vyenye kiti na paa. Vyasukumwa na watu, wawili nyuma wakimbia. Wakubwa wa serikali na matajiri walikuwa na vyao, njia yatoka barabarani yaingia mpaka mlangoni kwa mtu. Miaka ya 1920 motokaa zilipozidi, zikaondolewa.

Babu yake nyanya yangu alikuwa msukumaji. Kwenye picha za kale twaona aliyeketi, jina lake limeandikwa. Msukumaji hana jina. Kwa hivyo mukiuliza nini kimepotea kwenye ramani, mimi nauliza pia nani.

#22 · Mtoto wa Tabata

Mvita, nimeisoma hiyo mara mbili.

Sasa nirudi Dar. Sisi tumepata wapi hiyo ramani ya kupotelea? Oktoba 2012 treni ya mjini ilipoanza, ile ya Stesheni kwenda Ubungo Maziwa na ile ya TAZARA kwenda Mwakanga, hakuna aliyenipa karatasi. Mama muuza maandazi pale Matumbi ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, inasimama hapa, saa kumi na mbili uwe umeshafika." Ramani yangu ilikuwa yeye. Tukaiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Nilikuwa nafika mjini nikiwa na shati kavu, kitu ambacho kwenye daladala ya Tabata kilikuwa ndoto. Watu walisalimiana behewani, mnajuana kwa sura: huyu anashuka Kamata, yule Buguruni kwa Mnyamani.

Leo ukimwambia kijana wa miaka 13 "treni ya Mwakyembe" anadhani ni hadithi. Waziri hakai wizara moja, na reli iliyobeba jina lake inayumba naye. Kwetu njia haifutwi kwa kalamu. Watu wanaacha tu kuitaja, makonda wanaacha kuita, na yule mama wa maandazi akihama basi.

#23 · Kimara Mwisho

Mbona ramani zipo siku hizi? Mabasi ya Mwendokasi, tangu 2016 kuna michoro vituoni. Na SGR pia ni treni ya Dar.

#24 · Fundi Mataruma

SGR usiiweke humu, hiyo ni ya masafa. Juni 2024 Dar mpaka Morogoro, Julai ikafika Dodoma. Tunazungumzia treni ya kwenda kazini na kurudi.

#25 · Rongai Express

Habari zenu, wadau wa Dar na pwani. Mtoto wa Tabata ameongea ukweli kuhusu ramani kuwa mtu. Nairobi tulikuwa hivyo na matatu. Kila mtu anajua njia yake tu. Ilibidi watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani watembeze wanafunzi ndani ya matatu na simu mkononi, wanarekodi kila steji. Januari 2014 wakatoa ramani ya njia zaidi ya 130, imechorwa kama hiyo ya London ya mwenye uzi, rangi na vituo. Nilipoiona nilitafuta 125 yangu ya Rongai nikaigusa kwa kidole. Nimepanda hiyo njia tangu shule ya msingi na ndiyo mara ya kwanza niliiona.

Na treni yetu ya asubuhi, ya Kikuyu, ya Ruiru, ya Embakasi, ya Syokimau iliyofunguliwa Novemba 2012, ukiuliza watu kumi barabarani wakuchoree, utapata michoro kumi.

#26 · Binti Mwembeladu

Rongai Express, kwa hiyo unakubaliana nami kwamba mchoraji ana uzito. Njia haikuwa imepotea, ila haikuwa imeonekana.

#27 · Rongai Express

Nakubaliana, lakini makanga walikuwa wakibadilisha njia siku ramani inatoka. Msongamano ukizidi wanakata kona. Mchoraji yuko nyuma yao kila siku.

#28 · Subira Yangu

Naongezea fupi. New York walifuta treni ya W Juni 2010 kwa kubana matumizi, ikarudi Novemba 2016. Kwa hiyo kufutwa siyo kifo daima. Bibi, nani ajuaye, labda Bububu nayo.

#29 · Bi Mchambawima

Amin, mwanangu. Nikiwa hai nitapanda daraja la kwanza.

#30 · Msukuma wa Lewisham

Nina jambo la kumuuliza mwenye uzi. Nimefikiria hoja ya Fundi, kwamba reli inafungwa ndipo inafutwa. Nadhani wakati mwingine ramani huanza kuififisha kabla. Aldwych tangu 1962 treni zilikuwa zinakwenda saa za msongamano tu, asubuhi na jioni, siku za kazi. Itazame ramani ya baba yako vizuri. Mstari wa Aldwych umechorwa mzima?

#31 · Fundi Mataruma

Swali zuri. Ila hapo hatujui kipi kilianza. Watu walipungua kwa sababu treni zilipunguzwa, au treni zilipunguzwa kwa sababu watu walipungua? Hilo hata karakana hatujawahi kukubaliana.

#32 · Mjukuu wa Gerezani

Nimekwenda kuitoa tena, nimetumia miwani na tochi ya simu.

Msukuma, umesema kweli. Haukuchorwa mzima. Umekatwakatwa, na pembeni kuna maandishi madogo kuwa ni saa za msongamano tu. Na nimeona kitu ambacho sikukiona mara ya kwanza: baba amezungushia Aldwych kwa kalamu ya wino. Ni kituo hicho kimoja tu kwenye ramani nzima. Sijui alikuwa na nini hapo, chuo chake kilikuwa upande mwingine kabisa.

#33 · Mzee wa Leipzig

Mwanangu, baba yako alikuwa anakwenda Bush House. Iko palepale Aldwych. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilikuwa inatangaza kutoka jengo lile, mpaka walipohama 2012. Mtanzania yeyote aliyefika London miaka ile alikuwa na ndugu, rafiki au mtu wa mtaani kwao ndani ya jengo hilo. Watu walikuwa wanakwenda kusalimia, kupata habari za nyumbani na kuzungumza Kiswahili saa moja.

#34 · Mjukuu wa Gerezani

Mzee, nimenyamaza dakika kadhaa kabla ya kuandika hapa. Kila jioni tukiwa wadogo, redio ikifika BBC nyumba nzima ilikuwa inatulizwa. Alikuwa anasema, "Huyo anayesoma nimekunywa naye chai." Sisi tulikuwa tunacheka chinichini, tunajua anatutania.

#35 · Mama Scarborough

Ooh. Itie kwenye fremu hiyo ramani.

#36 · Kipepeo

Nimekunja mkeka, macho yameloa. Tuwekee picha mkuu.

#37 · Mjukuu wa Gerezani

Nitaiweka kesho mchana kukiwa na mwanga, karatasi inaanza kuachia kwenye mikunjo. Kando ya ule mduara kuna maneno ya wino uleule, mwandiko wake wa kulala kulia: "Mchana haiendi. Shuka Holborn, tembea."